Picha ya Maganda ya Vitunguu

Kuna watu wakisikia harufu ya maganda ya vitunguu yakichemka, hufikiria jikoni kuna mtu mwenye kikohozi. Mimi hushikwa na wivu. Ndiyo, wivu hasa, ule unaoanzia tumboni ukapanda hadi kooni kama kiungulia. Juzi nilipita nyuma ya nyumba ya jirani yangu hapa Gitega, nikakuta sufuria kuukuu juu ya mafiga, maji yake yamekuwa na rangi ya chai kali, na binti wa pale akaniambia anatengeneza dawa ya nywele. Nikamjibu, "Haya mwanangu, nywele zikue." Nilipofika kwangu nikamfokea mume wangu kwa kosa ambalo mpaka sasa silikumbuki, na yeye pia halikumbuki, maana hakulifanya.

Sasa kaa vizuri nikueleze hayo maganda yalinifanya nini.

Nilizaliwa kambini, upande wa Tanzania. Baba alifia hukohuko mimi nikiwa bado mgongoni, na tuliporudi Burundi tulirudi wawili, mimi na Mama, tukajenga nyumba ya udongo kwenye kilima kimoja cha Muyinga, kwenye shamba la ukoo wa Baba. Watoto wa jirani waliniita Mtanzania kwa sababu ya Kiswahili changu, na mimi nikawanyamazisha kwa mkaa. Nilikuwa nachora, unajua. Nilichora mbuzi akawa mbuzi, nikamchora mchungaji wa kanisa letu na pua yake ileile, watu wakacheka ibada nzima. Kuanzia hapo nikawa fundi. "Muulizeni fundi," Mama alikuwa akisema wageni wakija, na mimi kichwa kinavimba kama andazi kwenye mafuta.

Kichwa hichohicho ndicho nilichokwenda nacho Gitega. Shangazi yangu, dada yake Baba, alikuwa na nyumba mtaa wa Yoba, na alisema mtoto mwenye akili haachwi kilimani. Aje asome Mushasha, kwenye shule nzuri karibu na kanisa. Mama alinishonea gauni la njano lenye ndege wa buluu, kutoka kwenye kitenge chake mwenyewe alichokikata katikati, akanisindikiza mpaka mahali gari linapopakia, kisha akanigeuzia mgongo upesi. Nilidhani ana haraka ya kurudi shambani.

Nyuma ya nyumba ya Shangazi kulikuwa na aneksi, vyumba viwili vya kupangisha, na humo alikaa Mama Furaha, Mkongomani wa Uvira aliyeuza vitenge sokoni, pamoja na binti yake Furaha. Huyo Furaha alikuwa rika langu. Tulisoma darasa moja, tukachota maji bomba moja, tukaosha vyombo kwenye karai moja. Kila mtu alimpenda. Shangazi, ambaye mimi ndiye damu ya kaka yake, alimwita "mwanangu"; mimi aliniita "we Kezia." Na Furaha alikuwa na kitu kingine ambacho hakuna aliyeona kuwa ni kitu: alikuwa na mama yake palepale. Aliweza kumnunia mama yake asubuhi, na jioni akalaza kichwa mapajani pake akisukwa nywele. Wa kwangu nilimsikia mara mojamoja kwenye simu ya Shangazi, sauti inakatika, nawasikia kuku wa kwetu vizuri kuliko Mama. Nilikuwa nikiwaona pale kizingitini, Mama Furaha na kitana chake, roho inaniuma mpaka naingia ndani kufagia palipokwisha kufagiwa.

Ulipokaribia mwisho wa mwaka wangu wa pili pale, mwalimu wetu, Madamu Odette, alitupa kazi. Kila mtoto atengeneze tablo, yaani picha ya kutundika ukutani, inayoonyesha kwao. Sharti lilikuwa moja: rangi ya dukani marufuku.

"Kila kitu kitoke nyumbani," alisema. "Jikoni, jalalani, chini ya kitanda, mimi sijui. Sitaki kuona hata kopo moja la rangi."

Tablo zote zingetundikwa ukumbini siku ya proklamasyo, siku ambayo wazazi wanakuja kusikia matokeo ya watoto wao. Iliyo bora ingewekwa mbele, peke yake, mahali ambapo kila mzazi anayeingia lazima aione.

Mimi sikusubiri. Jioni ileile nilimsumbua Shangazi mpaka akapiga simu Muyinga. "Mama, njoo siku ya proklamasyo!" nikapaza sauti. "Ukiingia tu mlangoni utaiona picha yangu iko mbele."

"Wamekwisha kuichagua?" Mama akauliza.

Nikasema ndiyo. Hata kipande cha katoni sikuwa nacho. Mama akasema, "Basi nitakuja, mwananje, Mungu akipenda," kuku wakalia, simu ikakatika.

Hapo ndipo mdomo ulipokiponza kichwa. Halikuwa tena jambo la Madamu Odette na darasa lake. Mama angesafiri kutoka Muyinga, angeingia mlango ule, angetazama mbele. Ilikuwa lazima pale mbele anikute mimi, si mtoto mwingine. Na mtoto mwingine, ukiniuliza, alikuwa mmoja tu.

Sasa kwetu nichore nini? Darasani walikuwamo watoto wa walimu na wa wafanyabiashara. Niwaonyeshe nyumba ya udongo? Thubutu! Saluni ya Shangazi, yaani sebule yake, ilikuwa na kalenda ya zamani yenye picha ya nyumba ya Ulaya huko, bomba la moshi juu ya paa, theluji juu ya paa, na mbele gari jekundu linang'aa. Nikaamua kwetu ni pale.

Nilichukua katoni ya sabuni, nikapika gundi ya unga wa muhogo, nikaanza. Gari nililijaza maharagwe mekundu, nimeyapanga moja moja kama meno. Bomba la moshi likawa mahindi, kuta zikawa mchele, na mbingu nikaipaka buluu ya kufulia. Theluji ndiyo iliyonitoa jasho, mpaka nikakumbuka dawa ya meno. Ilikaa juu ya paa vizuri, nene, inanukia. Shangazi aliposhika mrija wake asubuhi akakuta ngozi tupu, alinitazama mdomoni kwa muda.

"We Kezia," akasema, "mi sijaona mtu anasafisha meno hivi. Hayo meno yako iko ngapi?"

Furaha yeye hakuanza. Alikuwa anazurura tu na kuuliza maswali. Siku moja tulikuwa kwenye karai la vyombo, povu mpaka viwikoni, akaniuliza, "Kezia, kwenu Muyinga kuko aje?"

"Kawaida tu."

"Nyumba iko ya nini?"

Nikaangalia huku na huku, nisije nikasikiwa na mtu wa darasani. "Ya udongo. Mama anaisiriba kwa mavi ya ng'ombe na majivu kila Krismasi ikikaribia. Mambo ya zamani."

"Majivu ya nini sasa?"

"Wadudu wasitoboe. Na harufu inaisha. Anachanganya kwa mkono, halafu anapitisha vidole ukutani kuzunguka mlango wote. Hivi." Nikapitisha vidole vyangu kwenye povu ubavuni mwa sufuria, mistari ya upinde inafuatana, jinsi nilivyomwona Mama akifanya tangu nilipopata akili.

Furaha akaacha kusugua. "Fanya tena," akasema.

Nikafanya tena. Basi kuanzia siku hiyo akawa ananikamua kama ng'ombe. Mgomba uko nyuma ama pembeni? Jua la asubuhi linaingilia wapi? Na mimi, ndugu yangu, nikawa namwaga. Ungetegemea ninyamaze, lakini tangu nifike Gitega hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari za kwetu, na zilikuwa zimenijaa. Nikamweleza jiwe bapa lililo mlangoni, ambalo nilikuwa nalikalia nikimsubiri Mama arudi kutoka shambani. Nikamweleza hata kwamba jiwe lile jioni linakuwa bado na joto, ukilikalia usingizi unakujia. Nilikuwa nampa mshindani wangu silaha kwa mikono miwili, na sikujua.

Kisha akaanza. Mama yake alimwombea gunia la kahawa kwa wenzake sokoni, likanyooshwa kwenye vijiti vya ufagio, likapakwa gundi ya muhogo mpaka likakauka kama ubao. Yakaja maganda ya vitunguu, mfuko mzima, kutoka kwa wauza vitunguu wote wa soko lile. Akayachemsha uani, harufu ikaingia kwenye nguo, kwenye mito, kwenye uji wangu. Alikwangua masizi chini ya vyungu. Alisaga maganda ya mayai. Akaenda kwa jirani mwenye ng'ombe, akarudi na samadi kwenye kopo, akaichekecha na kuichanganya na majivu kwa mkono, kisha akanijia na tope lake kiganjani.

"Majivu yametosha?"

Nikaangalia. Yalikuwa yametosha kabisa, tope lilikuwa na kijivu kilekile cha Mama. "Sijui," nikasema.

Hata tambara la kudekia aliliomba. Lilikuwa gauni langu la njano. Lilinibana, likapasuka kwapani, na Shangazi, ambaye hatupi kitu, akaligeuza tambara la jikoni. Furaha alitafuta kwenye pindo mahali pasipochakaa, akakata kipande kidogo, akakifua kwa sabuni.

"Chukua lote," nikamwambia. "Uchafu na uchafu."

Yeye akaanika kile kipande kimoja tu. Picha yenyewe alikuwa akiificha kwao aneksi, na kila aliyechungulia alitoka anatikisa kichwa kwa raha. Shangazi alitoka akasema, "Huyu mtoto iko na mikono, bwana!" Mama Furaha alitoka akinitazama mimi kwa upole ambao sikuuomba. Mimi sikuchungulia. Nilikuwa na fahari yangu, na pia niliogopa.

Siku moja kabla ya proklamasyo nilitoa tablo yangu uani ikauke vizuri, nikaingia ndani kunywa maji. Kunywa maji tu! Niliporudi kuku wa Shangazi walikuwa wameizunguka kama wageni wa harusi. Na utawalaumu vipi? Mahindi, mchele, maharagwe, vimeanikwa juani: kwa kuku ile haikuwa sanaa, ilikuwa sahani. Walikuwa wamekula magurudumu, wamekula nusu ya ukuta, na bomba la moshi limebaki kisiki. Jogoo mmoja alikuwa na theluji mdomoni, anatikisa kichwa kwa ukali wa dawa ya meno.

Nilikaa chini nikalia kwa sauti. Furaha akaja mbio, akawafukuza kuku, kisha akachuchumaa pembeni yangu na maharagwe kwenye kiganja. "Usilie, tutapanga tena. Mi nitakusaidia gari, we fanya nyumba."

"Niache!" nikampigia kelele. "Toka! Nenda kwa mama yako!"

Akayaweka maharagwe chini taratibu, akaenda kwa mama yake. Nikayabandika peke yangu, ovyoovyo, machozi na gundi pamoja, jioni nikamkabidhi Madamu Odette.

Mama alifika Gitega asubuhi ya siku yenyewe, kiatu kimoja kimekatika kamba amekifunga kwa uzi, kichwani kapu la maharagwe na ndizi za Shangazi. Nilitaka kumrukia na nilitaka ardhi inimeze. Njiani kwenda Mushasha alikuwa ananishika mkono na kumwambia kila tuliyekutana naye, hata asiyemjua, kwamba picha ya mtoto wake imewekwa mbele. Shangazi akanitupia jicho. Nilitembea nikiomba Mungu aangushe mvua, ukumbi ubomoke, chochote.

Tukaingia. Mbele, peke yake, palikuwa na nyumba yetu.

Sisemi nyumba inayofanana na yetu, nasema yetu. Mbingu ilikuwa ya maganda ya vitunguu, ile njano nzito ya Muyinga jua linapotelemka. Ukuta ulikuwa wa samadi na majivu, na kuzunguka mlango vidole vimepita, upinde juu ya upinde. Mgomba ulikuwa nyuma, umetengenezwa kwa maganda makavu ya mgomba wenyewe. Mlango ulikuwa mweusi wa masizi. Yote niliyoyamwaga kwenye karai la vyombo yalikuwa pale, na chini kwenye karatasi kumeandikwa jina: Furaha.

Mwizi! Ndilo neno lililonijia, na ninalikumbuka lilivyokuwa moto ulimini. Ameniibia nyumba. Na lililoniuma zaidi ni kwamba hakuwahi hata kuiona. Wahenga wanasema nyumba usiyolala ndani huijui hila yake, lakini yule msichana alizijua hila zote, mimi mwenyewe nilimpa. Mgala muue na haki yake mpe, tablo ile ilikuwa nzuri. Uzuri wake ndio ulionichoma.

Mama aliniachia mkono. Alikwenda mbele akasimama karibu nayo sana, karibu kuliko wazazi wengine wote, kisha akanyanyua kidole akaigusa, mahali fulani chini pale mlangoni, akapapasa polepole. Mabega yakaanza kumtetemeka. Mama yangu, ambaye sikuwahi kumwona akilia hata tulipokuwa tunaondoka kambini, alilia mbele ya watu kwa ajili ya kazi ya mtoto wa mwenzake. Mimi nimesimama nyuma yake, hatua chache tu, na hakugeuka.

Alipogeuka akajifuta kwa kitenge akaniuliza, "Na ya kwako iko wapi?"

Nikamwonyesha, nyuma kabisa, karibu na dirisha. Akaenda akaitazama vilevile kwa makini, gari langu lenye mapengo na ukuta uliotobolewa.

"Hii ni nyumba ya nani?"

"Ni kwetu."

"Ee," akasema. Akatafuta cha kusifu. "Hiki cheupe juu ya paa ni nini?"

"Theluji. Ni baridi inayoanguka."

"Basi itabidi tuvae sweta," akasema, akanishika bega. Natamani angenichapa.

Furaha alikuja akinong'ona, macho yanang'aa, kama hatukugombana. "Kezia, umeona pa mlango? Enda uangalie pa mlango."

"Nimeona mlango. Hata kwetu kuna mlango," nikamjibu, nikampa mgongo. Nilidhani anaringia masizi yake.

Watu walipoanza kutoka alishusha tablo yake mwenyewe, akaipeleka kwa Mama kwa mikono miwili. "Chukua, Mama Kezia. Hii iko yako." Mama akamkumbatia. Akamkumbatia muda mrefu, mbele yangu, mimi niliyemsubiri mwaka mzima.

Safari ya kurudi Muyinga kwa vakansi, yaani likizo, niliifanya nimebanwa upande wa dirisha. Mapajani pa Mama hapakuwa na nafasi, ilikuwa imekaa picha, imefunikwa kitenge uso isipate vumbi. Kila gari liliporuka shimo, Mama aliikinga kwa mkono. Tulipopita Karuzi nikamwambia naumwa kichwa. Akanipapasa kichwa kwa mkono mmoja, wa pili hakuuondoa kwenye picha. Nakuambia, nilichukia gunia la kahawa kama watu wanavyochukia mke mwenza.

Aliitundika ndani, ukutani karibu na mlango, usawa wa mkono. Mimi nikahamisha kigoda changu upande wa pili ili niwe nimeipa mgongo. Vakansi ilipoisha nikarudi Yoba, nikakuta aneksi ina wapangaji wengine. Mama Furaha na binti yake walikuwa wamerudi Uvira. Nilijiambia afadhali. Jioni ya kwanza nikaosha vyombo peke yangu kwenye karai lile, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Miaka ikaenda. Kila vakansi nikirudi Muyinga naikuta picha palepale, na kila asubuhi Mama akitoka na jembe lake, mkono unapitia pale ukutani kwanza. Alifanya kama mtu anayechovya maji ya baraka, bila hata kuangalia. Mara moja nilishindwa kuvumilia, nilikuwa msichana mkubwa sasa, nikamwambia, "Naona siku hizi mtoto wako ni Furaha."

Mama akacheka mpaka jembe likamponyoka. "Wewe una maneno!" akasema, akaenda zake shambani. Hakueleza, na mimi sikuuliza. Niliona amekiri.

Nikamaliza shule, nikapata kazi Gitega, nikaolewa. Kuchora niliacha, ukitaka kujua. Mkaa nautumia kupikia. Mwaka jana mimi na mume wangu tukamjengea Mama nyumba ya matofali ya kuchoma, hatua chache kutoka ile ya zamani, nikaenda kumsaidia kuhama. Tulitoa vyungu, tukatoa kitanda, tukatoa magunia ya maharagwe. Mwisho ikabaki picha. Mama alikuwa nje na beseni kichwani, kwa hiyo ikabidi niishushe mimi, na ndiyo mara ya kwanza kuishika. Nikatoka nayo juani.

Haikuwa na tundu hata moja la mdudu. Yale majivu yalikuwa yametosha. Mbingu ilikuwa bado na njano yake, na nilipoinusa, nisikudanganye, kwa mbali mno kulikuwa bado na ule uvundo mtamu wa vitunguu, na wivu ukaamka palepale kama mbwa aliyekanyagwa mkia. Nikapeleka macho kwenye ukuta, nikafuata alama za vidole, nikafika mlangoni. Pa mlango.

Palikuwa na jiwe bapa, la ganda la yai lililosagwa. Na juu ya jiwe amekaa mtoto, mdogo kama kidole gumba, mikono ameiweka magotini, anatazama njia inayokuja kutoka shambani. Amevaa gauni la kitambaa. Pindoni kitambaa kilikuwa cha njano, na kwenye kona moja kulikuwa na bawa la ndege wa buluu. Lakini katikati rangi ilikuwa imetoka yote, nyuzi zimebaki nyeupe, zimelainika, zinang'aa kama mpini wa jembe la zamani.

Mama alikuja akatua beseni. Nikamwuliza, "Mama, huyu ni nani?"

"Nani tena?" akainama kutazama, kisha akanitazama mimi, anadhani namtania. "Si wewe?"

"Na hapa mbona ameisha hivi?"

"Ah! Si asubuhi nikitoka nakusalimia. Wewe ulikuwa Gitega, mimi niko hapa peke yangu. Ningemsalimia nani?"

Nikakaa chini, palepale kwenye jiwe lenyewe, lile la kweli. Miaka yote hiyo nimemwonea wivu mtoto aliyepapaswa mbele ya watu ukumbini, aliyebebwa mapajani mpaka Muyinga, aliyekingwa mashimo ya barabara, aliyesalimiwa kila asubuhi kabla ya jembe. Mtoto mwenyewe alikuwa amevaa gauni langu. Na yule Furaha, niliyemwita mwizi moyoni, alikuwa amechukua tambara la kudekia akanirudisha kwetu, akanikalisha mahali ambapo Mama angenikuta. Alinitazama kwenye lile karai la vyombo akaona ninachotaka kabla yangu. Nimemtafuta huko Uvira kwa watu ninaowafahamu, bado sijampata.

Mama hakuwa na muda wa machozi yangu, jua lilikuwa linapanda. Tuliingia kwenye nyumba mpya, inanuka saruji, nikashika nyundo na msumari, nikauliza niitundike wapi.

"Karibu na mlango," akasema. "Chini kidogo. Mkono wangu siku hizi haufiki juu."

Nikaitundika chini kidogo. Kesho yake alfajiri nilipanda gari la Gitega, nikamwacha yule mtoto pale mlangoni amekaa kwenye jiwe lake, akingoja kusalimiwa. Nilimwonea wivu njia nzima.